Kutoka Lalamiko hadi Tiba: Misingi ya Utabibu wa Kliniki na Namna ya Kuipitia Kabla ya Mtihani

Mtihani wa utabibu wa kliniki hupima jambo moja kuu: uwezo wa mtahiniwa kulichukua lalamiko la mgonjwa, kulipitisha kwenye historia, uchunguzi wa mwili na vipimo, kisha kufikia uamuzi wa tiba anaoweza kuutetea kwa hoja. Vitabu vya kiada na madesa ya darasani hupangwa kinyume chake. Huanza na jina la ugonjwa, kisha chanzo, dalili, vipimo na dawa. Mgonjwa haji hospitalini na jina la ugonjwa; huja na homa, kikohozi, uvimbe wa miguu au maumivu ya tumbo. Mwanafunzi aliyesoma nimonia muhula mmoja, kifua kikuu muhula mwingine na moyo kushindwa kazi baadaye anaweza kuijua kila mada peke yake, na bado akakwama mbele ya mgonjwa anayekohoa na kuhema, kwa sababu hakuwahi kuyaweka magonjwa hayo matatu mezani kwa pamoja na kuuliza ni kipi kinachoyatenganisha. Kazi ya kwanza ya marudio, kwa hiyo, ni kuyapanga upya maarifa yaliyokwisha kusomwa: yatoke kwenye mpangilio wa magonjwa, yaingie kwenye mpangilio wa malalamiko.

Aina za mitihani

Vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki, kuanzia Makerere kilichoanza kufundisha tiba mwaka 1924 hadi Muhimbili ambako mafunzo ya madaktari yalianza mwaka 1963, hutumia aina za mitihani zinazokaribiana, na vyuo vya matabibu hufuata njia hiyo hiyo. Maswali ya kuchagua jibu hupima upana wa maarifa. Maswali ya maandishi mafupi hupima mpangilio wa fikra: mtahini hutoa kisa cha mistari michache, akaomba utambuzi, vipimo vitatu na hatua za kwanza za tiba. Kesi ndefu humweka mtahiniwa na mgonjwa halisi wodini, kisha humtaka aeleze alichokipata na mpango wake. OSCE, mtihani wa vituo ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, hugawa kazi ya tabibu katika vituo vya dakika chache: kimoja cha kuchukua historia, kingine cha kusikiliza moyo, kingine cha kusoma picha ya eksrei, kingine cha kumweleza mzazi matokeo ya kipimo.

Aina hizi zote zina mwongozo wa alama, na sehemu kubwa ya alama huenda kwa hatua, si kwa jibu la mwisho peke yake. Aliyetaja jina sahihi la ugonjwa bila kuonyesha njia aliyopita hupata alama chache kuliko aliyepanga hoja vizuri hata kama mwishoni alichagua ugonjwa wa pili kwenye orodha. Jambo hili humfaa mwanafunzi, kwa kuwa hatua ni zile zile kwa kila mgonjwa na zinaweza kuzoezwa.

Uhai kwanza

Kabla ya historia ndefu, tabibu hujibu swali moja: je, mgonjwa huyu yuko hatarini sasa hivi? Jibu hutafutwa kwa mpangilio usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, na hatimaye mwili mzima uliofunuliwa na kupimwa joto. Kila tatizo hutatuliwa linapoonekana kabla ya kwenda hatua inayofuata. Mgonjwa anayekoroma kwa sababu ulimi umeziba koo hafaidiki na kipimo cha damu. Hufaidika na taya kuinuliwa na mate kufyonzwa.

Kwa mtoto chini ya miaka 5, dalili za hatari zinazofundishwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni nne: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. Kwa mtu mzima, fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15: macho alama 4, sauti 5, mwendo wa viungo 6. Mtoto ambaye hajaanza kuzungumza hupimwa kwa kipimo cha Blantyre, kilichotokana na kazi ya kutibu malaria nchini Malawi, chenye alama 0 hadi 5. Yeyote aliyepoteza fahamu hupimwa sukari ya damu papo hapo. Sukari iliyoshuka huua na huharibu ubongo, hutambuliwa kwa tone moja la damu, na hutibiwa kwa dakika chache. Kituo cha OSCE chenye mgonjwa aliyezimia ambapo mtahiniwa hakutaja kipimo cha sukari ni kituo kilichopotea.

Historia ya ugonjwa

Mwaka 1975 Hampton na wenzake walichapisha nchini Uingereza utafiti wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya magonjwa ya ndani. Kwa wagonjwa 66, utambuzi uliofikiwa baada ya kusoma barua ya rufaa na kuchukua historia ulikubaliana na utambuzi wa mwisho. Uchunguzi wa mwili uliubadilisha utambuzi kwa wagonjwa 7, na vipimo vya maabara kwa wengine 7. Vipimo vimeongezeka tangu wakati huo, lakini somo halijachakaa: anayesikiliza vizuri huingia maabara akijua anachokitafuta.

Historia kamili ina sehemu zinazofuatana: utambulisho, lalamiko kuu na muda wake, historia ya ugonjwa wa sasa, mapitio ya mifumo mingine ya mwili, magonjwa na upasuaji wa nyuma, dawa na mzio, historia ya familia, na maisha ya mgonjwa, yaani kazi, makazi, sigara, pombe na safari. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa huongezwa tarehe ya hedhi ya mwisho na uzazi. Kwa mtoto huongezwa kuzaliwa, chanjo, lishe na ukuaji. Maumivu yoyote huulizwa mambo yale yale: yako wapi, yalianza lini na vipi, yakoje, yanakwenda wapi, yanakuja na nini, yanaongezwa na nini, yanapozwa na nini, na ni makali kiasi gani. Mgonjwa anayesema anaumwa moyo huombwa aonyeshe mahali kwa kidole, maana mara nyingi kidole hutua kwenye chembe ya moyo, na hapo vidonda vya tumbo huingia kwenye orodha pamoja na ugonjwa wa moyo wenyewe.

Swali linalosahaulika sana ni la dawa zilizokwisha kutumika. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamemeza nusu dozi ya dawa mseto ya malaria, antibayotiki za duka la dawa au dawa za asili, na jambo hilo hubadili maana ya vipimo. Huulizwa bila kulaumu, ili lijibiwe kwa ukweli. Alama za mawasiliano hutolewa pia kwa salamu inayolingana na umri wa mgonjwa, kujitambulisha, kuomba ridhaa, kuanza na swali lililo wazi, na kumwacha mgonjwa amalize sentensi yake. Mtahiniwa anayemwamkia mzee shikamoo, akamwita baba au mama, na kumuuliza anachokihofia kuhusu ugonjwa wake, hupata taarifa ambazo orodha ya maswali ya ndiyo na hapana haizifikii.

Uchunguzi wa mwili

Utaratibu wa uchunguzi ni kukagua, kupapasa, kugonga na kusikiliza, isipokuwa kwa tumbo, ambako kusikiliza hutangulia kupapasa ili sauti za utumbo zisibadilishwe na mkono. Kukagua huanzia mlangoni: mgonjwa amekaa vipi, anahema kiasi gani, amekonda, ana manjano, amevimba. Mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, shinikizo la damu, joto na kiwango cha oksijeni hupimwa kwa kila mgonjwa, na kasi ya kupumua huhesabiwa kwa dakika nzima badala ya kukisiwa.

Kifua ndicho chanzo cha maswali mengi, na ishara zake hukaa kichwani zikisomwa kwa kulinganishwa. Maji yakijaa kwenye utando wa pafu, upande ule hautanuki vizuri, mlio wa kugonga huwa mzito kabisa, sauti za pumzi na mtetemo wa sauti hupungua, na yakiwa mengi husukuma bomba la hewa upande wa pili. Nimonia iliyoshika sehemu kubwa ya pafu nayo hutoa mlio mzito, lakini mtetemo huongezeka na pumzi husikika kwa ukali kama hewa inayopita kwenye bomba. Hewa iliyovuja nje ya pafu hutoa mlio wa mwangwi, huku sauti za pumzi zikipungua; ikikandamiza moyo na shinikizo la damu likishuka, sindano huingizwa kifuani mara moja bila kusubiri eksrei. Pafu lililosinyaa huvuta bomba la hewa upande wake lenyewe. Anayezijua tofauti hizi nne anaweza kujibu swali lolote la kifua linaloanza na mahali lilipo bomba la hewa.

Kwa moyo, mfano unaojirudia katika hospitali za ukanda huu ni wa valvu ya mitra iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mgonjwa mara nyingi ni kijana, wakati mwingine mjamzito ambaye ujauzito umeongeza mzigo wa damu. Sauti ya kwanza ya moyo huwa kubwa, na mngurumo mzito husikika moyo unapolegea, vizuri zaidi mgonjwa akilala ubavu wa kushoto. Moyo ulioshindwa kazi upande wa kulia huonekana kwa mshipa wa shingo uliojaa, ini lililokua na kuuma, na miguu yenye uvimbe unaobonyea. Ishara hizi huunganishwa na dalili alizozieleza mgonjwa: kuhema akilala chali, kuamka usiku akitafuta hewa, kuchoka kwa kazi aliyozoea.

Orodha ya uwezekano

Baada ya historia na uchunguzi, tabibu hutoa muhtasari wa sentensi mbili au tatu, kisha orodha fupi ya magonjwa yanayowezekana. Orodha hiyo hutokana na maswali matatu. Ni ugonjwa gani hutokea sana kwa mtu wa umri huu, mahali hapa? Ni ugonjwa gani utaua haraka usipotambuliwa leo, hata kama si wa kawaida? Na ni ugonjwa gani unatibika kabisa ukishikwa mapema? Mwanamke wa miaka 24 mwenye maumivu ya tumbo la chini huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Lakini mimba iliyotunga nje ya kizazi lazima iondolewe kwenye orodha kwanza, kwa kipimo cha mimba na picha ya mawimbi ya sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayomwua usiku ule ule.

Kila jina kwenye orodha huandikiwa sababu za kuliunga mkono na za kulipinga kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Orodha ya magonjwa kumi isiyo na sababu haina thamani mbele ya mtahini. Matatu au manne yenye hoja yanatosha.

Maana ya vipimo

Kipimo hakileti ukweli mpya kutoka hewani. Hubadilisha uzito wa wazo lililokuwepo. Kinaelezwa kwa sifa mbili: uwezo wa kuwanasa wenye ugonjwa, na uwezo wa kuwaacha wasio nao. Chukua kipimo ambacho kila sifa ni asilimia 95. Wakipimwa watu 1,000 katika eneo ambalo ugonjwa uko kwa asilimia 2, wagonjwa ni 20 na kipimo kitawanasa 19. Lakini kati ya watu 980 wasio wagonjwa, 49 nao wataonekana kuwa nao. Kwa hiyo kati ya majibu chanya 68, ni 19 tu ya kweli, yaani takriban asilimia 28. Kipimo hicho hicho kikitumiwa kwa watu ambao nusu yao wana ugonjwa, asilimia 95 ya majibu chanya huwa ya kweli. Hesabu hii ndiyo msingi wa kuuliza historia kabla ya kuandika fomu ya maabara.

Mifano ya wodini inaeleza jambo hilo hilo. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mgonjwa aliyetibiwa hivi karibuni huhitaji darubini. Kipimo cha Widal, kinachoombwa mara nyingi kwa homa ya matumbo, hutafuta kingamwili ambazo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani. Kuotesha damu maabara ndiko kunakothibitisha. Na mtoto mwenye vimelea vichache vya malaria pamoja na shingo iliyokakamaa bado anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo: jibu chanya moja halifungi mlango wa ugonjwa wa pili.

Misingi ya tiba

Jibu zuri la tiba lina tabaka: kuokoa uhai, kuondoa chanzo, kupunguza mateso, kufuatilia, na kuelimisha mgonjwa na familia. Agizo la dawa huwa na jina, dozi, njia ya kuitoa, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Kabla ya kuliandika, tabibu huangalia mzio, ujauzito, figo, ini na dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Isoniazidi huweza kuleta ganzi ya miguu, kwa hiyo hufuatana na piridoksini. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo ambalo mgonjwa huelezwa mapema asije akaacha dawa kwa hofu. Tena hupunguza kiwango cha dolutegraviri mwilini, hivyo mtu mzima anayetumia dawa zote mbili hupewa dolutegraviri mg 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Enalaprili, dawa nzuri ya shinikizo la damu, haipewi mjamzito.

Tiba hubadilika ushahidi unapobadilika, na baadhi ya ushahidi mzito umetoka katika hospitali za eneo hili. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliopewa artesuneti walikufa kwa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Ndiyo sababu sindano ya artesuneti ni chaguo la kwanza. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ulionyesha kuwa dripu ya kasi kubwa iliongeza vifo: asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa dripu hiyo, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa, ndani ya saa 48. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwa sehemu ya utafiti huo. Mwanafunzi anayejua sababu hizi hachanganyi mtoto aliyepoteza maji kwa kuhara na mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi, ingawa wote wawili wanaonekana wamelegea.

Malalamiko matano ya kuyajua kwa kina

Homa. Swali la kwanza ni kama kuna hatari. La pili ni chanzo. Malaria hupimwa kwa kila mwenye homa katika eneo lenye malaria, na huitwa kali ikiwa kuna vimelea pamoja na angalau ishara moja ya ukali: kupoteza fahamu, degedege za kurudiarudia, kuishiwa nguvu hadi kushindwa kukaa, sukari chini ya mmol/l 2.2, himoglobini chini ya g/dl 5 kwa mtoto au 7 kwa mtu mzima, asidi kuzidi kwenye damu, figo kushindwa, manjano, maji kwenye mapafu, kutokwa damu au mshtuko wa mzunguko wa damu. Artesuneti hutolewa mg 2.4 kwa kilo, au mg 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, saa 0, 12 na 24, kisha kila siku. Mgonjwa akiweza kumeza baada ya angalau saa 24 za sindano, hupewa dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu. Homa yenye kichwa kuuma na shingo kukakamaa ni ya uti wa mgongo hadi ithibitike vinginevyo, na seftriaksoni haisubiri sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo ikiwa sindano hiyo itachelewa. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI aliyeumwa kichwa kwa siku nyingi, ukungu wa kriptokokasi hutafutwa kwa kipimo chake.

Kikohozi na kuhema. Kwa mtoto, kupumua kwa kasi ni mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi 5. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5, kasi hiyo, au kifua kubonyea, bila dalili ya hatari ni nimonia inayotibiwa kwa amoksilini ya kunywa. Ikiwepo dalili ya hatari ni nimonia kali, na mtoto hulazwa akapewa oksijeni anapoihitaji na sindano za ampisilini na jentamaisini. Kwa mtu mzima, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kutoka jasho usiku na kupungua uzito huelekeza kwenye kifua kikuu. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha muda wowote kinatosha kumfanya apimwe. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotoa pia jibu la usugu kwa rifampisini. Kifua kikuu kisicho na usugu hutibiwa miezi 6: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya mbili za kwanza.

Kuhara. Uamuzi wote hutegemea kiwango cha maji yaliyopotea. Upungufu mkali hutambuliwa kwa ishara mbili au zaidi kati ya hizi: kulegea au kupoteza fahamu, macho kudidimia, kushindwa kunywa, na ngozi iliyofinywa kurudi polepole sana. Mtoto huyo hupewa Ringer lakteti ml 100 kwa kilo: mchanga wa chini ya mwaka hupata ml 30 kwa kilo kwa saa 1 na ml 70 kwa kilo kwa saa 5, mkubwa zaidi hupata viwango hivyo kwa dakika 30 na saa 2 na nusu. Upungufu wa wastani hutibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya ORS, ml 75 kwa kilo kwa saa 4, huku mama akinyonyesha kama kawaida. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14, mg 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6 na mg 20 kwa mkubwa zaidi. Mwenye utapiamlo mkali huwa na mpango wake, kwa kuwa ngozi na macho yake hudanganya na moyo wake hauhimili maji mengi.

Kupoteza fahamu. Sukari kushuka, malaria kali, uti wa mgongo, kiharusi, jeraha la kichwa, degedege lililopita, figo au ini kushindwa, kisukari kilichopanda na sumu ndiyo orodha ya msingi. Kisukari hutambuliwa kwa sukari ya kufunga ya mmol/l 7.0 au zaidi, au ya wakati wowote ya 11.1 au zaidi kwa mwenye dalili. Kikipanda hadi damu kuwa na ketoni na asidi, tiba huanza kwa maji ya mshipani, kisha insulini yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa, huku potasiamu ikipimwa kabla ya insulini na kuongezwa, kwa sababu insulini huiteremsha na moyo huweza kusimama. Mgonjwa aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu shambani huwa na mboni ndogo sana, mate mengi, jasho na mapigo ya polepole. Hupewa atropini kwa kurudia mpaka kifua kikauke, na ukubwa wa mboni si kipimo cha kufanikiwa.

Shinikizo la damu la mjamzito. Shinikizo la 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo au ishara za viungo kuathirika, huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu na maumivu ya chembe ya moyo ni onyo. Magnesiamu salfeti huanza na g 4 polepole kwenye mshipa na g 10 kwenye msuli, g 5 kila tako, kisha g 5 kila saa 4. Kabla ya kila dozi hukaguliwa mambo matatu: goti linaruka linapogongwa, kupumua hakujashuka chini ya mara 16 kwa dakika, na mkojo unatoka angalau ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, g 1, huwekwa karibu kwa ajili ya dozi iliyozidi. Tiba yenyewe ya ugonjwa ni kuzaa, kwa wakati unaoamuliwa na hali ya mama na umri wa mimba.

Mpango wa marudio

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha kuwa sehemu kubwa ya kilichokaririwa husahaulika mapema, na kuwa marudio yaliyotawanywa huhifadhi zaidi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma maandishi tena na wale waliojipima bila kuyaangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikumbuka zaidi. Baada ya siku 2 na baada ya wiki moja, waliojipima waliwashinda. Kwa mwanafunzi wa tiba maana yake ni wazi: kukesha na madesa usiku wa mwisho hutoa hisia ya kujua ambayo haidumu, na kufunga daftari kisha kuandika kwa kumbukumbu huchosha zaidi lakini hudumu.

Njia inayofaa ni kuandaa karatasi moja kwa kila lalamiko, na malalamiko takriban ishirini hufunika sehemu kubwa ya mtihani. Karatasi huwa na hatari za kutafutwa kwanza, maswali muhimu ya historia, ishara zinazotenganisha magonjwa, vipimo na sababu ya kila kimoja, na tiba ya saa ya kwanza, ya siku ya kwanza na ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Huandikwa bila kitabu, hukaguliwa kwa kitabu, na hurudiwa baada ya siku mbili, wiki moja na wiki tatu. Dozi huchukuliwa kwenye mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya ya nchi husika, kwa kuwa mtahini hutumia mwongozo huo na vitabu vya nje huweza kutofautiana nao.

Wodi ndiyo nusu ya pili ya marudio. Mgonjwa mmoja aliyechukuliwa historia kamili, akachunguzwa, akawasilishwa kwenye raundi na kufuatiliwa hadi aruhusiwe, hufundisha zaidi ya sura nzima iliyopigiwa mistari. Wanafunzi watatu wanaweza kuzoea vituo vya OSCE: mmoja mgonjwa, mmoja tabibu, mmoja mtahini mwenye saa na orodha ya alama, wakibadilishana nafasi. Uchunguzi wa mwili huzoezwa kwa kusema kwa sauti kinachofanywa na kinachoonekana, maana mtahini hawezi kutoa alama kwa wazo lililobaki kichwani.

Wakati wa kuwasilisha kesi, mtahiniwa huanza na mgonjwa na lalamiko, hutaja mambo chanya yenye uzito na hasi yenye maana, hutoa muhtasari, utambuzi anaouegemea zaidi na mingine miwili, kisha vipimo na tiba kwa mpangilio wa udharura. Akiulizwa asichokijua hukiri, kisha hueleza angekitafuta wapi na angemlinda mgonjwa vipi wakati huo. Ishara asiyoisikia hasemi kwamba ameisikia; ukweli huo hulindwa mtihanini kwa sababu wodini kuna mgonjwa ambaye matibabu yake yatafuata kile kilichoandikwa kwenye faili.